Kiti cha Kuazima

Siku mto ulipovunja kingo zake, Msusi alikuwa na kichwa cha mtu mkononi. Kichwa chenyewe kilikuwa cha Mama Pacha, jirani wa chini, na kilikuwa kimefika nusu: upande wa kushoto mistari imelala vizuri hadi kisogoni, upande wa kulia nywele zimesimama kama zimepata habari mbaya kabla ya mwenyewe. Mama Pacha alikaa kwenye kigoda, mgongo wake ukigusa magoti ya Msusi, na Msusi alikuwa juu ya kiti chake cha magurudumu, breki zimefungwa, chanuo limebanwa kwa meno. Ndivyo alivyofanya kazi miaka yote, sebuleni, ghorofa ya pili, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mama yake. Miguu yake ilikufa ganzi kwa maradhi ya utotoni, lakini vidole vyake, wateja walisema, vilikuwa na akili zao wenyewe.

Gari la matangazo likapita likisema watu wote wa bondeni wahame mara moja. Mama Pacha hakungoja lirudie. Aliruka kutoka kwenye kigoda, rasta zikamning'inia begani, akashuka ngazi akiwaita wanawe kwa majina yote mawili kwa pumzi moja. Akiwa huko chini alipaza sauti kwamba atawaambia waokoaji waje kumchukua. Na tumpe haki yake: aliwaambia kweli.

Walikuja vijana wawili wenye makoti ya rangi ya chungwa. Wakasimama mlangoni, wakamtazama Msusi, wakakitazama kiti, kisha wakatazamana. Msusi alikwisha kuamua la kufanya. Ngazi zile alikuwa akizishuka kwa makalio tangu alipokuwa mtoto, mikono nyuma, moja baada ya nyingine, kila mara mdogo wake anapokuwa kazini. Alichotaka kwao ni wambebee kiti tu. Wakati huo maji yalikuwa bado yanaramba kizingiti cha mlango wa nje, hayajaingia.

"Usijitese, dada," mmoja akamwambia. "Kaa hapo hapo, tunakuletea machela. Tunarudi sasa hivi."

Msusi akakaa. Hilo ndilo lililokuja kumla moyo baadaye kuliko mengine yote. Kusahauliwa alikuwa amekuzoea, maana tangu shule ya msingi alikuwa akisahauliwa kwenye ziara, kwenye picha, na siku ya kura. Lakini siku ile alikuwa na njia yake ya kutoka, mbovu, ya kuchubua mikono, lakini yake. Wakamnyang'anya kwa maneno ya upole, naye akawashukuru.

Alisikia lori likinguruma, sauti za watoto, mbwa, kisha lori likaondoka. Akangoja. Maji yakaingia ngazi za chini na kuanza kupanda kimyakimya, kama mgeni asiyetaka kuamsha watu. Sasa hata angetaka kushuka kwa makalio, angeshukia kwenye maji.

Mtu aliyetokea mlangoni hakuwa na machela. Alikuwa Babu Saa, fundi saa mstaafu wa ghorofa ya tatu, ambaye masikio yake yalimwacha zamani. Alikuwa amejilaza baada ya chakula cha mchana. Gari la matangazo lilipita, majirani wakakimbia, lori likaja na kuondoka, yeye amelala fofofo. Alipoamka na kukuta jengo kimya hakushangaa, kwa sababu kwake jengo lilikuwa kimya kila siku. Alishtuka alipochungulia dirishani na kuona barabara imegeuka mto.

Babu Saa alisema kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo. Aliuliza watu wamekwenda wapi. Msusi akamweleza kwa mikono na kwa midomo, polepole, naye akashuka kukagua ngazi. Alirudi amelowa hadi kiunoni. Akainama, akaonyesha mgongo wake, kwamba apande ambebe. Msusi akatikisa kichwa: mgongo wenyewe ulikuwa haubebi hata ndoo. Akamwonyesha kwamba aende peke yake maadamu bado panapitika. Babu Saa akageuza uso kuelekea ukutani. Na mtu asiyesikia akishageuza uso, mazungumzo yamekwisha.

Wakakaa. Walikuwa na nusu mkate na chai iliyopoa kwenye chupa, na redio ndogo ya betri ambayo Msusi huwawekea wateja. Jioni redio ikatoa taarifa. Mkuu fulani, mwenye sauti ya kushiba, alisema wakazi wote wa majengo ya bondeni wameondolewa salama, na hakuna hata mmoja aliyeachwa nyuma. Akawashukuru wananchi kwa ushirikiano.

Babu Saa alimwona Msusi amebadilika uso, akauliza wanasema nini huko.

Msusi akamgeukia ili aione midomo yake vizuri. "Wanasema hatupo."

Babu Saa alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akaegemeza kichwa ukutani, wakangoja hadi kulipokucha.

Maji yalipopungua, mdogo wake Msusi alikuja mbio akiwa na matope hadi mapajani. Huyu alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, ng'ambo ya pili ya mji, na mafuriko yalimkuta zamuni. Alikwenda moja kwa moja kwenye shule waliyopelekwa wakazi, akazunguka madarasa yote akimwulizia dada yake. Wakamwambia asiwe na wasiwasi, wale wenye mahitaji maalumu wamepelekwa kituo chao. Basi akatulia. Akapewa blanketi, akalala. Asubuhi ndipo alipokutana na Mama Pacha, nusu ya kichwa bado imesimama, naye Mama Pacha akamwuliza mbona hakumwona Msusi kwenye lori.

Msusi alimsikiliza hadi mwisho.

"Kituo gani?" akamwuliza.

"Walisema kituo maalumu, dada."

"Kiko wapi?"

Mdogo wake akatazama viatu vyake.

"Hukuuliza kiko wapi," Msusi akasema. Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kama angepandisha.

Baada ya hapo watu walikuja kumpa pole, na kila aliyekuja alileta swali lilelile, kama waliambizana njiani: kwa nini lakini mtu kama yeye aishi ghorofani? Mwanzoni alieleza. Nyumba ni ya mama. Vyumba vya chini alivitafuta, mwenye nyumba mmoja akamwambia magurudumu yatakwangua vigae, mwingine akasema wapangaji wengine watajisikia vibaya. Halafu vyumba vyenyewe vya chini ndivyo vilivyozama kabisa. Alipochoka kueleza akaanza kuwarudishia swali: mbona wale waliokaa chini hakuna anayewauliza kwa nini walikaa chini? Wakamwona ana mdomo.

Msimu ukapita, kuta zikapakwa rangi kuficha alama ya maji. Siku moja asubuhi akaja mgeni aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alikuwa afisa wa maafa wa manispaa, ambaye mtaa mzima ulimwita Afisa Maafa, bila kujali kwamba jina hilo linamfanya aonekane ndiye anayeyaleta. Mtu mpole, shati limenyooshwa, lugha laini. Akamwambia Msusi ofisi imejifunza kutokana na upungufu uliojitokeza. Kutakuwa na zoezi kubwa la uokoaji, katika jengo hili hili, na atakuja mgeni rasmi. Safari hii makundi yote yamezingatiwa. Kutakuwa na mjamzito, kutakuwa na mzee, kutakuwa na mwathirika mwenye ulemavu.

Msusi alihisi kitu kikilegea kifuani, kitu alichokuwa amekikaza tangu mafuriko. Akauliza huyo mwenye ulemavu ni nani.

"Karani wetu wa masjala," Afisa Maafa akasema. "Kijana mchangamfu, aliwahi kuigiza shuleni. Tatizo letu ni kiti tu. Ofisi haina. Ndipo tukakukumbuka."

Msusi akaweka chanuo chini. "Mmenikumbuka mimi au kiti?"

"Vyote, dada yangu."

"Basi niokoeni mimi. Kiti changu, nyumba yangu, na maji yalinikuta mimi."

Afisa Maafa akajikuna shingo. Alieleza kwa huruma ya kweli, na huruma hiyo ndiyo iliyomchemsha Msusi damu. Vijana bado hawajafunzwa kumbeba mtu wa namna hiyo. Wanaogopa kumuumiza.

"Wewe ni mlemavu wa kweli," akasema. "Ukianguka litakuwa tatizo. Karani akianguka, atainuka."

"Na mafuriko yakija, mtamwokoa nani? Karani?"

Afisa Maafa akacheka, akidhani ni utani.

Msusi angemtoa nje saa ile ile. Lakini alifikiri kwamba akikataa watakwenda kuazima kwingine, na zoezi litafanyika vilevile, na yeye atalisikia kwenye redio. Akasema atawapa kiti kwa sharti moja, naye apewe nafasi ya kusema mbele ya mgeni rasmi. Afisa Maafa akakubali haraka, tena akasema lingekuwa jambo zuri sana.

Tangu siku hiyo Msusi akaanza kupanga hotuba. Aliipanga akiwa anasuka, akijaribisha maneno juu ya vichwa vya watu. Angeanza na shukrani, halafu angeeleza habari ya machela, halafu ile ya redio, kisha angetaja mambo ambayo ofisi inaweza kuyafanya bila gharama kubwa. Alikata hapa, akaongeza pale. Wateja waliisikia mpaka wakaijua kwa moyo, na Mama Pacha alikuwa akimsahihisha anaporuka kipande.

Siku ya zoezi mahema yalisimamishwa uwanjani mbele ya jengo, spika zikapangwa, viti vya plastiki vikawekwa safu kwa safu. Mbele kabisa waliweka kochi jekundu la mgeni rasmi, lenye kitambaa cha kufuma mgongoni, na meza ndogo yenye maua na kipaza sauti. Mdogo wake Msusi alimshusha dada yake ngazi akiwa amembeba mgongoni. Mtu wa itifaki, kijana mwenye tai na haraka nyingi, akamwonyesha kiti cha plastiki safu ya mwisho, nyuma ya nguzo ya hema. Kiti chake cha magurudumu kilikwisha kuchukuliwa mapema. Alipokiona tena kilikuwa kimebandikwa karatasi mgongoni, imeandikwa kwa herufi kubwa: MWATHIRIKA.

King'ora kikalia. Watu wakatoka kwa mstari, wengine wakicheka, mjamzito wa maigizo akishikilia mto wake usianguke. Karani alikuwa amewekwa ghorofa ya kwanza, kwa sababu ya pili ingewachosha wabebaji na kumchelewesha mgeni. Watu wanne wakamshusha amekaa ndani ya kiti, wamekiinamisha vibaya, naye akiwapungia watu mkono kama bwana harusi. Makofi yakapigwa. Kila mara aliposahau na kusimamisha mguu ili ajizuie asianguke, kicheko kikaongezeka. Wakampakia kwenye lori pamoja na kiti.

"Jengo ni tupu," mshereheshaji akatangaza. "Wote wametolewa salama."

Hapo Babu Saa akatokea kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, amebeba taulo bichi. Hakuna aliyekuwa amekwenda kumwambia lolote. Ofisi ilitegemea king'ora. Alilikung'uta taulo, akalianika, kisha akauona umati uliojaa chini yake, akastaajabu, akapunga mkono. Watu wakavunjika mbavu. Mshereheshaji akasema yule ni mzee wetu anatusalimia, akaendelea na ratiba.

Msusi akainua mkono. Nguzo ilikuwa kubwa kuliko mkono wake.

Kisha lori likaondoka, kuelekea kule shuleni, ili kukamilisha hatua ya pili ya zoezi. Na kiti chake kikaenda nalo. Hilo hakuwa ameambiwa. Alikaa juu ya plastiki ile akihisi kama mtu aliyetembelewa na mwizi mchana kweupe, na kila mtu amempigia makofi.

Hotuba zikaanza. Alisema mwenyekiti wa mtaa, akasema Afisa Maafa, akasema mtu wa kampuni iliyotoa fulana. Kila mmoja aliyemaliza, Msusi alijiweka sawa, akameza mate, akalipitia neno lake la kwanza. Mwishowe mtu wa itifaki akamwinamia, harufu ya manukato ikatangulia, akamnong'oneza kwamba muda umewabana, mheshimiwa ana safari.

"Lakini salamu zako tumezipokea," akasema.

"Salamu zipi? Sijazitoa."

Alikuwa amekwisha kuondoka.

Mgeni rasmi akainuka kwenda kukagua mitumbwi ya mpira na kamba zilizopangwa kando ya uwanja. Kochi likabaki tupu. Msusi akamgeukia mdogo wake.

"Nibebe."

"Twende nyumbani, dada?"

"Unipeleke pale mbele."

Mdogo wake akafuata macho yake hadi kwenye kochi, akaelewa, masikio yakamwiva. Alimsihi kwa sauti ya chini. Alisema watu wanatazama, alisema meneja wake wa kiwandani yuko pale.

"Tangu mafuriko yale sijakuomba kitu," Msusi akasema.

Yeye mwenyewe hakupenda kulisema. Lilikuwa kombora alilokuwa amelificha muda mrefu, na alimwona mdogo wake akilipokea. Akachuchumaa, akamtwaa mgongoni, akapita naye katikati ya safu, watu wakijisogeza, akamweka kwenye kochi jekundu.

Mtu wa itifaki alikuja mbio akiwa bado anatabasamu, maana lile tabasamu alikuwa amelivaa pamoja na tai. "Dada, hapo ni pa mgeni rasmi."

"Najua. Kiti changu mmekichukua. Nitakaa hapa hadi kirudi."

"Tafadhali ondoka."

"Siwezi kuondoka. Nitoeni ninyi. Si ndiyo kazi mliyotuitia leo?"

Kipaza sauti cha mezani kilikuwa bado kimewashwa. Maneno yakatoka kwenye spika, yakagonga ukuta wa jengo na kurudi. Watu waliokuwa wameanza kutawanyika wakasimama.

Wakaitwa waokoaji. Mmoja akamshika makwapa, mwingine miguu, wakainua kabla ya kukubaliana, kiuno kikabaki chini, kiatu kikadondoka. Wakamrudisha. Wa tatu akasema wamtoe pamoja na kochi. Wakajaribu, likanyanyuka upande mmoja tu, kitambaa cha meza kikavutwa, maua yakaanguka. Msusi hakuwasaidia wala hakuwapinga. Mdogo wake alipiga hatua kuja kumchukua mwenyewe, dada yake akamkata jicho, akabaki alipo. Huko kando mgeni rasmi alikuwa amesimama ameshika kamba waliyokuwa wakimwonyesha, hajui aiweke wapi.

Ndipo alipojitokeza askari wa zimamoto, mwanamke mfupi, mabega mapana, ambaye zoezi zima alikuwa amewekwa kulinda mipira ya maji. Aliwasogeza wenzake, akachuchumaa mbele ya kochi mpaka macho yao yakawa sawa.

"Nikushike wapi?" akamwuliza.

Msusi akamtazama. Alikuwa mtu mzima, amebebwa na mdogo wake, na binamu, na wauguzi, na abiria wasio na subira, na hakukumbuka aliyewahi kumwuliza hivyo. Akamwambia: mkono mmoja chini ya mapaja, mwingine mgongoni, asivute makwapa, bega la kulia ni bovu. Askari akamwita mwenzake mmoja, wakahesabu, wakamwinua vizuri.

Wakabaki wamembeba. Hapakuwa na pa kumweka. Askari akatazama kushoto, akatazama kulia, jasho likaanza kumtoka, na hapo ndipo wote uwanjani walipouona ule upungufu kwa macho yao: mtu ameokolewa, kiti hakipo.

Kipaza sauti kilikuwa karibu na kidevu chake, mgeni rasmi yuko mbele yake, umati kimya. Nafasi kama ile asingeipata tena. Na hotuba yote aliyoisuka juu ya vichwa vya watu, shukrani, machela, redio, mapendekezo, ikayeyuka. Akatafuta neno la kwanza, halikuja. Kilichomtoka ni kimoja.

"Yule mzee pale juu bado hajaokolewa."

Vichwa vyote vikageuka. Babu Saa, akiwa roshanini, alipoona uwanja mzima unamtazama, akapunga tena mkono. Safari hii hawakucheka wengi.

Mgeni rasmi akaagiza lori lirudi. Akasema kwamba amejifunza mengi, akaingia garini. Msusi akakalishwa kwenye kiti cha plastiki kungoja.

Jioni redio ilisema zoezi lilifana, na kwamba kwa mara ya kwanza watu wenye ulemavu wameshirikishwa kikamilifu. Kiti kilirudi gurudumu dogo la mbele limepinda, likilia kama panya kila lilipozunguka. Ilisemekana karani na wenzake walishindana nacho kwenye korido za shule. Msusi alipouliza nani atalitengeneza, aliambiwa aende ofisini. Akaenda, mdogo wake akimsukuma, gurudumu likilia njia nzima. Ofisi ya Afisa Maafa ilikuwa juu, na mlangoni kulikuwa na ngazi. Mlinzi akampigia simu, akajibiwa kwamba Afisa ana kikao, angoje. Walingoja hadi mlinzi mwenyewe akaona haya, akawaletea maji. Afisa hakushuka. Njiani kurudi mdogo wake alisema maneno ya kwanza tangu siku ya zoezi.

"Meneja aliniuliza kama yule ni dada yangu."

"Ukasemaje?"

"Nikasema ndiye." Akasukuma kidogo. "Gurudumu nitalipeleka mimi kwa fundi."

Msusi hakumshukuru na hakumlaumu. Hasira ilikuwa imemjaa hadi haikujua imwangukie nani.

Jumamosi iliyofuata, askari wa zimamoto akagonga mlango, amevaa nguo za nyumbani, nyuma yake wanaume wawili wa kikosi chake. Akasema ile picha ya kubaki amembeba mtu asijue pa kumweka inamsumbua, na kwamba kama Msusi hana neno, wangependa kujizoeza. Wakajizoeza. Walimshusha ngazi zote na kumpandisha, kiti kikitangulia. Wakamgonga kiwiko kwenye kona, wakambana vidole, mmoja akateleza, Msusi akaona roho yake ikitoka na kurudi. Aliwagombeza bila simile. Babu Saa alisimama juu akitoa maelekezo yaliyosikika mtaa wa tatu. Ikakubaliwa kwamba Mama Pacha apewe ufunguo wa Babu Saa, na siku ya hatari asikimbie kabla ya kupanda kumtikisa. Jumamosi ya pili walifanya vizuri zaidi. Ya tatu Msusi hakuwagombeza hata mara moja, na jambo hilo lilimshangaza.

Halafu mvua za kwanza zikaanza, nyepesi, za kunusanusa, na askari akaja peke yake. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akakunja mikono. Alikuwa ameitwa na mkubwa wake. Mazoezi yale hayana kibali, yakiumiza mtu ofisi itashitakiwa, yasimamishwe. Kibali hutolewa na Afisa Maafa, na Afisa Maafa amesafiri kwa semina.

"Semina ya nini?" Msusi akauliza.

"Ya kuwashirikisha watu wenye ulemavu."

Msusi akatazama dirishani. Maji yalikuwa yakitiririka kwenye kioo, na kule chini mitaro ilikuwa bado imejaa takataka za mafuriko yaliyopita. Alitaka kulia, alitaka kutupa kitu. Kilichokuwa karibu ni chanuo, na chanuo lilikuwa zuri, halipatikani tena madukani. Akalibana kwa meno, akafunga breki.

"Kusuka nako kunahitaji kibali, Afande?"

"Hapana."

"Basi tulia hapo. Na Jumamosi waambie wale wenzako waje nao kusukwa."

"Mmoja ana upara, dada."

"Mlete hivyo hivyo," Msusi akasema, akamgawa nywele katikati, akaanza mstari wa kwanza.